Nilikaa jehanamu miezi 14

Oktoba 2014 nilipanga chumba bondeni. Watu wa Dar nikisema bondeni mnajua nazungumzia nini, ila kwa wa mikoani na mlio nje ya nchi: mabondeni ni kule chini kando ya mto Msimbazi, Jangwani, Mkwajuni na jirani zake, sehemu ambazo ukiangalia ukuta wa nyumba unaona mstari wa kahawia usawa wa dirisha, ndo maji yalipofikia mwaka fulani, mwenye nyumba anapaka chokaa juu ya ule mstari halafu baada ya mwezi mstari unajitokeza tena taratibu kama deni. Chumba changu kilikuwa 35,000 kwa mwezi, umeme tunachangia, choo cha wote. Nilikuwa nimetoka chuo, kazi sina, nina begi la vyeti na godoro.

Masika ya 2015, usiku mmoja kwenye saa nane hivi, nikashtuka nasikia kitu kinagonga mguu wa kitanda. Tak. Tak. Nikajua panya. Nikashusha mkono nimfukuze, mkono ukaingia kwenye maji mpaka kwenye kiwiko. Kilichokuwa kinagonga ni ndala zangu, zote mbili zinaelea, zinazunguka chumba kama zinatafuta mlango ulipo. Nikapandisha begi la vyeti juu ya meza, godoro nikalikunja nikaliweka juu ya begi, na mimi nikapanda juu ya godoro kama kuku kwenye kichanja, umeme umeshakatika zamani, simu ina chaji asilimia 11. Harufu ya yale maji sitaielezea, mnaoujua Msimbazi mnaujua, mji mzima unanawia mle. Sasa mtu mwenye akili zake hiyo 11 angempigia mtu. Mimi nikaandika stetasi: "Naishi jehanamu."

Asubuhi maji yameshuka, nafagia tope kwa kipande cha boksi, mama mwenye nyumba huyo mlangoni. Mtu wa Rufiji, mtu mzima, anauza vitumbua, khanga kaifunga juu ya magoti na miguu iko kwenye tope hadi kwenye vifundo, wala haoneshi kushtuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nasikia unakaa jehanamu."

Nikajua tu ni yule mjukuu wake, nilikuwa namfundisha hesabu na namba yangu anayo. Nikabaki nimeshika boksi.

"Kanisomea kila kitu. Sasa mimi nakuuliza, hapa kama jehanamu, mimi mwenye nyumba ni nani? Zabania?"

Mimi ni Mchaga wa Marangu, Mlutheri, zabania nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikadhani ni tusi la Kirufiji. Nilikuja kujua baadaye kwamba zabania ni wale malaika walinzi wa motoni, wametajwa kwenye Kurani, na mtoto yeyote aliyepita madrasa anawajua. Akaendelea, hana hasira, yani kama mtu anayerekebisha hesabu: "Halafu jehanamu ni moto. Hapa ni maji. Ukitaka kututukana tutukane vizuri. Na kodi ya mwezi huu bado."

Akaondoka zake kwenda kukaanga vitumbua, na ukweli mafuta yalikuwa kabatini juu, hajapoteza hata chupa moja, mtu anayejua maji.

Toka siku hiyo hilo neno limenikaa. Nimekuwa nalichokonoa miaka sasa, kila nikipata bando, na nilichokikuta ndo nataka niwaandikie leo, kwa sababu naona tunalitumia kama pilipili, kila mahali tunatia. Daladala ya saa 12 jioni ni jehanamu, hosteli ni jehanamu, kazi ya kwa Mhindi jehanamu, nchi ikipigana vita kwenye taarifa ya habari ni jehanamu ya duniani. Ila ukimuuliza mtu jehanamu hasa ni wapi anaangalia juu au chini, haangalii ramani.

Wakati iko kwenye ramani! Unaweza ukaifungua kwenye simu sa hivi.

Jehanamu ni bonde. Bonde kweli, la mawe na miti ya mizeituni, linapita kusini magharibi mwa mji mkongwe wa Jerusalem. Kiebrania cha zamani liliitwa Ge Hinom, "ge" ni bonde, Hinom ni mtu au ukoo ambao hakuna aliyebaki wa kutuambia walikuwa akina nani. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, ile Union ya 1952, limeandikwa "bonde la mwana wa Hinomu", na mara ya kwanza linapotokea, Yoshua 15, halina hata moshi, ni mpaka tu wa ardhi, linagawa eneo la Yuda na Benyamini, kama hati ya kiwanja inavyosema kaskazini unapakana na korongo. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa juu ya meza bondeni naandika nipo jehanamu, kilugha sikuwa mbali sana. Na mimi nilikuwa bondeni.

Ubaya ulikuja baadaye. Vitabu vya Wafalme na Mambo ya Nyakati vinasema wafalme Ahazi na Manase walipitisha watoto wao motoni mle bondeni, mahali palipoitwa Tofethi, kwa ajili ya mungu aliyeitwa Moleki. Mfalme Yosia akaja akapanajisi makusudi ili mtu asirudie tena. Nabii Yeremia akasimama akasema siku zinakuja hapataitwa tena bonde la mwana wa Hinomu, pataitwa Bonde la Machinjo. Hebu fikiria, kuna mtu kafanya uovu kwenye bonde, na bonde ndo likahukumiwa kifungo cha maisha. Ahazi hatumtaji tukitukanana. Hinomu, ambaye hatujui hata alikosa nini, jina lake ndo limekuwa moto wa milele katika lugha nyingi za dunia.

Kutoka hapo neno likaanza kusafiri. Kiaramu, halafu Kigiriki cha Agano Jipya likawa gehenna, limo mara 12, mara 11 kwenye Mathayo, Marko na Luka na mara moja kwenye Yakobo pale anapousema ulimi. Kiarabu likawa jahannam, na wanaisimu wengi wanaona huko lilifika kwa kupitia Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, ambako ni gahannam. Kwenye Kurani limo mara 77. Huku pwani likaja na dini na biashara, na hapa ndo pananifurahisha: wamisionari walipokuja kutafsiri Biblia kwa Kiswahili hawakuhangaika kuleta gehenna yao, walikuta Waswahili washakuwa na jehanamu, wakaichukua hivo hivo, "jehanum ya moto", Mathayo 5:22. Kwa hiyo mimi Mlutheri na mama mwenye nyumba Muislamu tulikuwa tunaogopa kwa neno moja, na wote wawili tumeliazima, na tuliyemuazima naye kaliazima.

Kuna kitu lazima nikiweke sawa. Sote tuliopita darasa la kipaimara tumeambiwa kwamba Gehena lilikuwa dampo la Jerusalem, takataka zinaungua usiku na mchana, mizoga, funza, ndo maana Yesu akasema funza wasiokufa na moto usiozimika. Mchungaji wetu alilieleza vizuri mpaka unasikia harufu. Nimelitafuta hilo dampo. Wanaoandika habari hizi wanasema mtu wa kwanza kulitaja ni rabi David Kimhi, aliyeishi Ufaransa ya kusini, karibu mwaka 1200 baada ya Kristo, kwenye maelezo yake ya Zaburi ya 27. Miaka zaidi ya elfu moja baada ya Yesu! Na wachimbaji wa mambo ya kale hawajakuta mle bondeni ushahidi wa dampo la kuungua milele. Wale funza na moto wenyewe wanatoka mstari wa mwisho wa Isaya. Sasa mimi simsemi mchungaji wangu, alifundishwa hivo na yeye, ila ona jinsi ilivyo rahisi: bonde likishaitwa jehanamu, watu wanaanza kulirushia na takataka ambazo hazikuwepo.

Na walichokikuta kweli wachimbaji ndo kilinifanya nikae kimya kidogo. Mwaka 1979, Gabriel Barkay alikuwa anachimba makaburi ya kale kwenye mteremko unaotazama hilo bonde, panaitwa Ketef Hinnom, bega la Hinomu. Ndani ya kaburi moja wakakuta vipande viwili vidogo vya fedha vimeviringishwa, saizi ya kishungi cha sigara, vya kuvaa shingoni kama hirizi. Ilichukua miaka kuvikunjua bila kuvivunja. Kikubwa hakifiki hata sentimita 10. Ndani yake kumekwaruzwa maandishi ya miaka kama 600 kabla ya Kristo, ndo maandishi ya zamani kuliko yote yaliyowahi kupatikana yenye maneno yaliyomo kwenye Biblia, na maneno yenyewe ni haya ambayo sisi Walutheri tunayasikia kila Jumapili tukiwa tayari tumeshashika funguo za pikipiki: Bwana akubarikie na kukulinda. Yani baraka ya zamani hivo imeokotwa pembeni ya jehanamu. Kuna mama au baba alizikwa nayo pale, hakuona shida kulala pale.

Leo kuna jumba la sinema linaangalia hilo bonde. Kuna birika kubwa la zamani lililokauka wanafanyia matamasha ya muziki. 2023 wamefungua daraja la kamba za chuma la watu wa miguu, mita 200 hivi, watalii wanapita juu ya jehanamu wanapiga selfi. Na kule chini upande wa Silwan wanaishi Wapalestina, wana mizeituni yao, kuna mgogoro wa ardhi wa siku nyingi, na wao kwa Kiarabu hawapaiti Jahannam hata kidogo, wanapaita Wadi al-Rababa. Rababa ni kile chombo cha nyuzi cha kupiga na upinde. Mwenye kwao hawezi kupaita jehanamu, nadhani hilo hata bila kwenda shule unaelewa.

Sasa nirudi kwa mama mwenye nyumba maana alinipa kingine. Siku nyingine tumekaa barazani, kodi nimeshampa nusu, nikamuuliza kwa utani, basi kama jehanamu sio, tuseme kuzimu? Akanikata jicho. "Kuzimu wapo wazee wangu. Usiwaingize."

Hapo ndo nikashtuka kwamba haya maneno mawili tunayatumia kama mapacha kumbe hata ukoo sio mmoja. Jehanamu imekuja na jahazi. Kuzimu ni ya hapa hapa, ya kibantu, imetokana na mzizi ule ule wa mzimu. Na mzizi huo una watoto wa ajabu: mzimu, yule wa wazee waliotangulia, zimwi, lile la kwenye hadithi linalokula watu, wazimu, ukichaa, maana zamani mtu akichanganyikiwa ni mizimu imempanda, na kuzimu, huko wanakokaa. Kuzimu hakukuwa na moto. Hakukuwa na hukumu. Kulikuwa ni kwao, tu. Hata watafsiri wa Biblia walilijua hilo, maana walipokutana na Sheoli ya Kiebrania, ambako wanaenda wafu wote wema kwa wabaya, waliandika kuzimu, ndo maana Yakobo alipodhani Yusufu kaliwa na mnyama analia anasema atamshukia mwanawe huko kuzimu. Mzee wa watu hakuwa anasema naenda kuungua. Alikuwa anasema namfuata mtoto.

Bibi yangu Marangu alikuwa na hadithi ya binti anaitwa Marwe, Wachaga mtakuwa mnaijua. Marwe na kaka yake wametumwa kulinda shamba la maharage nyani wasile, kiu ikawashika wakaenda kunywa maji, kurudi nyani wamemaliza shamba. Marwe akaogopa kwenda nyumbani akajitupa kwenye bwawa. Akazama, akazama, akatokea chini kwa wafu, akamkuta bibi mzee mwenye nyumba, akakaa naye. Siku alipotaka kurudi juu yule bibi akamuuliza, unataka cha moto au cha baridi? Marwe akachagua baridi, akaingiza mikono kwenye chungu cha baridi, akaitoa imejaa bangili. Mimi nilikuwa nasikiliza hiyo hadithi jikoni, moshi umejaa, nachagua moto kila siku kwa sababu Marangu asubuhi ni baridi, na bibi ananicheka. Nilikuwa sijui kwamba ni ramani nyingine kabisa: unafika chini kwa maji, hauungui, unakuta mtu mzima ana nyumba, na baridi ndo zawadi. Nikifikiria sasa, binti kaingia kwenye maji akamkuta mama mwenye nyumba... haya, naacha.

Kilichotokea ni kwamba makanisa ya uamsho yamelichukua kuzimu yakalijaza moto wa jehanamu. Siku hizi ushuhuda wa "nilipelekwa kuzimu" unaujua ulivyo, chini ya bahari kuna viwanda, wanatengeneza wigi na simu, kuna foleni, kuna ofisi, mtu anaeleza saa mbili na nusu. Na movie za kutafsiriwa nazo, Mzungu akifoka mtafsiri anasema "nenda kuzimu!" wakati Mswahili akikasirika tuna zetu, potelea mbali, au tokomea huko, hatumtumi mtu kwa babu yake. Kuzimu ilibebeshwa mzigo sio wake, nimekubaliana na mama mwenye nyumba kwenye hilo.

Na sio maneno tu, angalia na majina ya sehemu. Pale Naivasha Kenya kuna hifadhi inaitwa Hell's Gate, lango la jehanamu, jina la wapelelezi wa Kizungu wa miaka ya 1880 walipopita wakaona majabali na mvuke unatoka ardhini. Wamasai korongo lile waliliita Ol Njorowa, basi. Mvuke ule ule leo pale Olkaria unazungusha mitambo ya umeme, toka 1981, yani kuna watu Nairobi wanapasi mashati kwa stimu ya jehanamu na wanalipa bili. Halafu njoo upande wetu karibu na ziwa Natron, kuna mlima unaotema moto kweli kweli, lava yake nyeusi inatiririka kama oili chafu, ni ya aina ambayo haipatikani kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani, ya ubaridi kulinganisha na zingine, digrii 500 mpaka 600 hivi wakati za kawaida zinapita 1,000. Mzungu angeuita nini? Wamasai wanauita Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Na nenda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ardhi inakatika ghafla unatazama chini bonde la Ruvuma mpaka miguu inalegea, shimo la kutisha hasa. Panaitwa Shimo la Mungu. Watu waliona moto na shimo wakasema hapa patakuwa ni pa Mwenyezi. Sijui kama hilo ni imani au ni adabu tu, kwamba mahali panapokuzidi nguvu hupatukani.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Jehanamu ukiliangalia vizuri sio neno la kusema mahali ni pabaya. Pabaya tuna maneno. Jehanamu ni mahali pa adhabu. Ndani ya hilo neno kuna mtu ameshakosa, kesi imekwisha, na mlango umefungwa. Mama mwenye nyumba alinisomea siku moja ile sura ya Al-Qaria, yule ambaye mizani yake ya mema imekuwa nyepesi, "fa ummuhu hawiya", akanieleza neno kwa neno, basi mama yake ni Hawiya. Mama yake! Shimo la moto ndo litampokea na kumkumbatia. Akasema, hilo la kumsemea mtu ni la Mungu peke yake, wewe utamjuaje mtu mizani yake?

Na sisi tunaisemea mitaa. Disemba 2011 Dar ilinyesha mvua watu zaidi ya 40 wakafa, wengi mabondeni, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mimi nilikuwa chuo, nakumbuka maneno kwenye kantini, na nilisema na mimi, sitajitoa: "waliambiwa wahame hawasikii", "wamejitakia". Ndo hivo. Ukishaita kule jehanamu, mtu wa kule hawi tena jirani aliyefurikiwa, anakuwa mkosaji anayepata chake, na nani anampelekea blanketi mtu wa motoni? Kwao mama mwenye nyumba, Rufiji, mto ukifurika ukashuka watu wanaingia kwenye tope wanalima mlau, mafuriko ni mbolea. Yule mama hakuja bondeni kwa ukaidi, alikuja na elimu ya maji, akanunua kiwanja alichokimudu, karibu na mjini, karibu na wateja wa vitumbua wa saa 11 alfajiri. Nani aliyemuuzia, nani aliyeyaacha majitaka ya mji yaingie mtoni, hao hawamo kwenye neno jehanamu. Wamekaa pembeni na Ahazi.

Mwaka 2021, Mei, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Guterres alisema kama kuna jehanamu duniani basi ni maisha ya watoto wa Gaza. Nililirudia mara mbili kulisikiliza. Hakusema Gaza ni jehanamu. Alisema maisha wanayoishi. Kuna tofauti, ukisema maisha, mtu anauliza nani kayafanya yawe hivo. Ukisema mahali, mtu anabadilisha chaneli.

Ila sitaki nijifanye mtakatifu, juzi nimekwama kwenye foleni ya barabara ya Morogoro masaa matatu na neno likanitoka lenyewe.

Disemba 2015 wakaja watu na ndoo ya rangi nyekundu. Nyumba yetu ikapigwa X kwenye ukuta wa jikoni, juu kidogo ya ule mstari wa kahawia. Mama akaitazama akasema wangepiga hata kwa rula. Kabla tingatinga halijafika mtaa wetu mimi nilishabeba begi langu la vyeti nikaenda kwa mshkaji Mbagala. Nilikuwa nimekaa miezi 14. Kuna kitu nimekikuta kwa Wayahudi, kwenye Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria za dini, kwamba hukumu ya waovu mle Gehinomu ni miezi 12, halafu basi, inaisha. Mimi nilizidisha 2. Na hiyo 2 ndo ambayo sikuilipia kodi, niliondoka nikiahidi nikipata kazi.

Yeye alihamia juu huko, pembeni kabisa ya mji, kiwanja cha mlimani. Mwaka jana mjukuu wake alinitafuta, sasa ni fundi umeme, akanipa simu niongee na bibi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo? Bado unaandika-andika?"

Nikamwambia bado. Nikamuuliza huko vipi. Akasema huko maji ni ya kununua, dumu shilingi 500 na boda anayeleta ana maringo, jua linawaka toka saa mbili asubuhi, mti hakuna, vitumbua vinalala. "Huku ndo moto mwanangu. Ungeandika huku ingekuwa sawa."

Nikacheka, na yeye akacheka, halafu akanyamaza kidogo, nikajua kinakuja nini.

"Na ile miezi yangu miwili ya jehanamu?"

70,000. Nimemtumia jioni ile ile, na ya kutolea.